Kigari si Kipimo cha Malezi Bora: Mtoto Mchanga, Mkubwa Wake na Njia za Makurunge

Katika miji na vijiji vya pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo na kata yake ya Makurunge, yamejengeka maoni ambayo siku hizi huchukuliwa kuwa hayahitaji ushahidi: kwamba familia inayopata mtoto wa pili, huku wa kwanza akiwa bado mdogo, lazima iwe na kigari cha kusukuma, na kwamba suala lililobaki ni la aina tu, yaani kiwe cha kiti kimoja au cha viti viwili, kipya cha dukani au cha mtumba. Maoni hayo hutembea bega kwa bega na mengine ambayo ndiyo mzizi wake, kwamba mbeleko ni ya mama asiye na uwezo, kwamba humpinda mtoto miguu na humvunja mama mgongo, na kwamba anayeendelea kuifunga hajapata mwanga wa malezi ya kisasa. Makala hii inayapinga maoni yote mawili. Hoja yake ni kwamba chombo cha kumchukulia mtoto mchanga, pale ambapo yupo mtoto mwingine anayetembea, hakina budi kupimwa kwanza kwa usalama wa yule anayetembea na kwa njia atakayopita. Na kwa kipimo hicho, katika mazingira ya Makurunge na vijiji vinavyofanana nayo, mbeleko iliyofungwa vizuri inakishinda kigari.

Ni vyema vitu viwili vinavyolinganishwa vifafanuliwe mapema. Kigari, katika makala hii, ni kiti au kitanda kidogo cha mtoto kilichowekwa juu ya magurudumu, ambacho mtu mzima hukisukuma akiwa nyuma yake. Kipo cha kiti kimoja, kipo cha viti viwili vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, na kipo ambacho kiti kimoja hutangulia kingine. Mbeleko ni kitambaa, aghalabu kitenge au kanga, ambacho mlezi humfungia mtoto mwilini mwake, mgongoni, ubavuni au kifuani, bila kuhitaji kumshikilia muda wote. Tofauti kubwa kati ya vitu hivi haiko katika bei wala katika usasa, bali katika mikono ya mlezi, kwa kuwa kigari huishika na mbeleko huiachia. Na mwenye watoto wawili wadogo njiani hana kitu cha thamani kuliko mkono ulio huru.

Historia ya kigari yenyewe inaonyesha mahali kinapofaa. Mwaka 1733 mbunifu Mwingereza William Kent alimtengenezea Duke wa Devonshire kigari cha kuwafurahisha watoto wake, chombo cha kuvutwa na mnyama mdogo katika vijia vya bustani ya tajiri. Vigari vya kusukumwa kwa mkono vilienea Ulaya katika karne ya 19, sambamba na kuenea kwa njia za waenda kwa miguu zilizosakafiwa mijini. Mwaka 1965 Owen Maclaren, mhandisi aliyewahi kushughulikia magurudumu ya kutua ya ndege za kivita za Spitfire, aliomba hataza ya kigari chepesi cha alumini kinachokunjwa kama mwavuli, ambacho kilikuwa na uzito wa kilo tatu hivi na kililengwa kwa familia zinazosafiri kwa treni, magari na ndege. Katika kila hatua, njia ilitangulia na kigari kikafuata. Anayenunua kigari amenunua nusu ya kitu, kwani nusu ya pili ni sakafu ngumu na tambarare ambayo kigari hicho kiliumbwa kupita juu yake, na nusu hiyo haiuzwi dukani.

Makurunge iko upande wa magharibi wa mji wa Bagamoyo, na nje ya wilaya imejulikana zaidi kwa eneo la RAZABA, ranchi iliyokuwa ya Serikali ya Zanzibar, na katika miaka ya karibuni kwa mashamba ya miwa. Barabara ya lami ya Bagamoyo hadi Msata, yenye urefu wa kilometa 64 hivi, hupita upande huo na kuvuka Mto Ruvu kabla ya kuungana na barabara kuu iendayo Tanga, Moshi na Arusha, na ndiyo sababu hubeba mabasi na malori ya masafa marefu pamoja na bodaboda na baiskeli za wanakijiji. Lami hiyo, hata hivyo, ni ya magari. Mama anayetoka nyumbani kwake hadi barabarani hupita vijia vya mchanga, na katika bonde la Ruvu hupita udongo wa mfinyanzi ambao wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, hugeuka tope zito. Magurudumu ya mbele ya kigari cha kawaida ni madogo na yametengenezwa yazunguke kila upande ili kukata kona kwa wepesi. Yakiingia katika mchanga mlaini hugeuka upande, huzama na kujichimbia, na msukumaji hulazimika kukiinua kigari upande wa mbele, au kukigeuza na kukivuta kinyumenyume, au kumtoa mtoto na kumpakata huku akiburura chombo kitupu. Katika hali hiyo ya tatu mama amerudi kumbeba mtoto kwa mikono, na juu ya hapo ana mzigo mwingine.

Safari haiishii barabarani. Kutoka Makurunge kwenda mjini Bagamoyo, au kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, wengi hupanda daladala, ambayo mlango wake ni mwembamba, ambayo konda wake huhimiza watu wapande upesi, na ambayo nafasi ya katikati ya viti hujaa watu na mizigo. Ili apande, mama mwenye kigari sharti amtoe mtoto mchanga, amshike kwa mkono mmoja, akikunje kigari kwa mkono wa pili, na wakati huohuo amzuie mtoto wake mkubwa asisogee kwenye lami. Mikono mitatu inahitajika, naye anayo miwili. Mama mwenye mbeleko hupanda akiwa amemshika mkubwa mkono, akaketi, akamzungusha mchanga mbele na kumpakata. Wanaohimiza kigari kwa kawaida hukieleza kikiwa kinakwenda, na huacha kueleza hali yake kinapokunjwa, kinapopandishwa garini na kinapohifadhiwa katika nyumba ya vyumba viwili.

Yafaa pia kuuliza mtoto mchanga wa pwani hutoka nyumbani lini na kwenda wapi. Kwa desturi ya wengi katika ukanda huu, mzazi na mwanawe hukaa ndani kwa siku 40 za uzazi, kipindi kiitwacho arobaini, wakihudumiwa na mama mzazi, shangazi au jirani. Ratiba ya chanjo ya Tanzania humtaka mtoto apewe chanjo za mwanzo anapozaliwa, kisha arudi kliniki akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Siku 40 zinapokwisha, wiki ya 6 iko mlangoni, kwa hiyo safari ya kwanza ya kweli ya mtoto mchanga mara nyingi ni ile ya kliniki, yenye shughuli za kumvua nguo, kumpima uzito, kumdunga sindano, kumnyonyesha na kumbembeleza. Kigari kilichonunuliwa kabla ya kujifungua, kwa hofu kwamba mtoto atakosa pa kulala, huwa kimekaa kitupu kwa wiki zote hizo. Siku kinapotakiwa kutumika, kinaingia katika foleni ya kliniki yenye mabenchi yaliyosongamana, na mtoto aliyekwisha kudungwa sindano anataka kifua cha mama yake wala si kiti.

Mtoto mkubwa ndiye anayesahauliwa zaidi katika mazungumzo haya, ingawa yeye ndiye sababu inayotajwa ya kununua kigari. Shirika la Afya Duniani, kwa ushauri wake uliotokana na mkutano wa wataalamu wa mwaka 2005, hupendekeza mama asubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua mtoto aliye hai kabla ya kushika mimba nyingine, jambo ambalo huweka takriban miezi 33 kati ya uzazi mmoja na unaofuata. Familia iliyofuata ushauri huo ina mkubwa anayekaribia miaka mitatu, yaani mtoto anayetembea vizuri, anayekimbia ghafla na asiyejua bado kupima mwendo wa lori. Mtoto wa namna hiyo hahitaji kiti. Anahitaji kushikwa mkono. Mlezi anayesukuma kigari kwenye ukingo wa barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu huhitaji mikono yote miwili kukinyoosha, na humwambia mkubwa ashikilie ubavu wa kigari, agizo ambalo mtoto wa umri huo hulitii hadi aone mbuzi, mpira au mwenzake ng'ambo ya barabara. Mtoto mchanga amefungwa mkanda kitini, ilhali yule anayeweza kukimbilia hatarini ndiye aliyeachwa bila mshiko.

Wanaotetea kigari hujibu kwamba dawa yake ni kigari cha viti viwili, au kibao chenye magurudumu kinachofungwa nyuma ya kigari ili mkubwa asimame juu yake. Jibu hilo lina nguvu pale ambapo watoto wamepishana kwa mwaka mmoja na nusu au pungufu, na haifai kulipuuza, kwa kuwa mkubwa wa umri huo hutembea hatua chache na kutaka kubebwa. Lakini kigari cha viti viwili huwa na kilo 12 hadi 15 kabla mtoto yeyote hajakaa; ukiongeza mchanga wa kilo nne au tano na mkubwa wa kilo kumi na moja, mama aliyejifungua majuzi anatakiwa kusukuma mchangani uzito unaokaribia kilo 30, katika chombo kipana kisichopita kwenye vijia vingi vya kijijini. Kibao cha kusimamia nacho huhitaji sakafu tambarare, la sivyo kila tuta humtikisa mtoto aliyesimama juu yake. Kwa familia yenye watoto waliokaribiana hivyo, njia iliyo na mantiki zaidi ni kuongeza mtu mzima: mkubwa mgongoni mwa baba, bibi au shangazi, mchanga kifuani mwa mama, na pasipo na mtu wa pili, mkubwa huachwa kwa jirani anayeaminika mpaka mama arudi kutoka kliniki. Malezi ya pwani yamejengwa juu ya watu wengi kwa mtoto mmoja, na utajiri huo usibadilishwe kwa viti viwili vya nailoni.

Hoja inayotisha wazazi kuliko zote ni ile ya matege, yaani miguu iliyopinda kwa nje magotini, ambayo husemwa kuwa huletwa na mbeleko. Hoja hii haina msingi. Karibu kila mtoto huzaliwa na miguu iliyopinda kidogo kwa nje kutokana na alivyojikunja tumboni, na upinde huo hunyooka wenyewe kadiri mtoto anavyofikia umri wa miaka miwili. Matege yanayobaki au kuongezeka yana sababu zake, na mojawapo iliyo maarufu ni ugonjwa wa mifupa laini unaotokana na upungufu wa vitamini D au madini ya chokaa, huku katika sehemu za Arusha na Kilimanjaro floridi iliyozidi katika maji ikijulikana kuharibu meno na mifupa. Mzazi aliyeona miguu ya mwanawe haijanyooka ampeleke kwa daktari aangaliwe mifupa, kwani akiishia kulaumu kitenge atachelewa kupata tiba ya ugonjwa wenyewe.

Kuhusu nyonga, yaani kiungo ambapo kichwa cha mfupa wa paja huingia katika tundu lake, ushahidi unaelekea upande ulio kinyume kabisa na hofu hiyo. Mtoto aliyefungwa mgongoni ipasavyo hukumbatia kiuno cha mlezi kwa mapaja yaliyotanuka, magoti yakiwa juu kidogo kuliko makalio, na mkao huo hukikalisha kichwa cha paja katikati ya tundu lake wakati kiungo kinakomaa. Madaktari wa mifupa waliochunguza Malawi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, waliuhusisha uadimu mkubwa wa tatizo la nyonga kutokomaa nchini humo na desturi ya kubeba watoto mgongoni. Nchini Japani, kampeni iliyoanza miaka ya 1970 ya kuwazuia wazazi wasiwafunge watoto wachanga wakiwa wamenyooshwa miguu ilifuatiwa na upungufu mkubwa wa watoto wenye nyonga zilizoteguka. Kinachodhuru nyonga, basi, ni kuibana miguu pamoja na kuinyoosha kwa nguvu, jambo ambalo mbeleko hailifanyi.

Ukaribu wa mwili nao una faida zilizopimwa. Huduma ya kangaroo, ambayo ni kumweka mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá nchini Kolombia mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu vifaa vya kuwatunzia watoto njiti vilikuwa haba. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuianza huduma hiyo mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto hao katika siku 28 za mwanzo kwa asilimia 25. Hiyo ni huduma ya hospitali kwa watoto wadogo mno, na haiwezi kutumiwa kudai kwamba kila mbeleko huokoa maisha. Lakini inatosha kuiondoa dhana kwamba mwili wa mama ni mbadala duni wa kifaa. Kwa watoto wenye afya ya kawaida, jaribio la Montreal nchini Kanada lililochapishwa mwaka 1986 lilibaini kwamba wale waliobebwa zaidi walilia kwa muda pungufu kwa asilimia 43 walipofika wiki ya sita, umri uleule ambao kilio cha mtoto hufikia kilele chake. Mama mwenye mtoto mwingine wa kumhudumia anajua thamani ya utulivu huo.

Kigari nacho kina masharti ya kiafya ambayo wauzaji hawayatangazi. Mtoto mchanga hawezi kuketi. Shingo yake haijakaza, na akiwekwa katika kiti kilichosimama kichwa huangukia mbele, kidevu hukandamiza kifua na njia ya hewa hubanwa. Kwa sababu hiyo miezi yake ya mwanzo huhitaji kigari kinacholala sawasawa, na vingi vya vile vyepesi vinavyouzwa kwa bei nafuu havilali hivyo. Joto la pwani linaongeza tatizo jingine, kwa kuwa wazazi hufunika kigari kwa kanga ili kuzuia jua, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walionyesha mwaka 2023 kwamba kitambaa kikavu kilichofunika kigari hupandisha joto la ndani hadi kuzidi lile la nje. Juu ya hayo, kiti cha kigari hukaa chini ya mita moja kutoka ardhini, kimo ambacho moshi wa magari huwa mzito zaidi, kama walivyoeleza watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey nchini Uingereza mwaka 2018. Kwenye ukingo wa barabara ya malori, mtoto aliye kifuani huvuta hewa ya kimo cha mama yake.

Hoja ya mgongo wa mama inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu maumivu ya mgongo baada ya kujifungua ni ya kweli, na aliyejifungua kwa upasuaji ana kidonda kinachohitaji muda. Hata hivyo, mtoto aliyefungwa juu na kukazwa karibu na mwili huugawa uzito wake mabegani, mgongoni na nyongani, tofauti na mtoto anayepakatwa kwa mkono mmoja kwa saa nzima. Maumivu mengi hutokana na mbeleko iliyolegea, inayomwacha mtoto aning'inie chini ya kiuno na kumvuta mlezi nyuma, na hilo hutibiwa kwa kufunga upya. Wapo pia wanaosema kigari humwingiza baba katika malezi, kwa kuwa mwanaume haoni haya kusukuma lakini huona haya kufunga kitenge. Haya hiyo ni ya kuondolewa, wala haistahili kulipiwa fedha. Baba aliyemfunga mwanawe kifuani na kumshika mkubwa mkono hajapungukiwa na kitu.

Inabaki hoja ya hadhi, ambayo husemwa kwa sauti ya chini lakini ndiyo inayofungua pochi. Jamaa wa ughaibuni hutuma kigari kwa upendo, nacho hukaa sebuleni kama ushahidi kwamba familia imepiga hatua. Wahenga walionya kwamba mtu asiache mbachao kwa msala upitao, na onyo hilo linagusa jambo hili moja kwa moja, kwa sababu mbachao wa mbeleko umejaribiwa na vizazi vya wanawake katika mchanga huuhuu. Maendeleo ya kweli ya mtoto wa Makurunge yangeonekana katika njia ya waenda kwa miguu, katika kivuko cha usalama mbele ya shule na katika zahanati iliyo karibu, na siku vitu hivyo vitakapokuwapo, hesabu ya kigari itabadilika yenyewe.

Kuitetea mbeleko si kuificha kasoro yake. Mtoto ambaye shingo haijakaza asifungwe mgongoni, ambako mlezi hamwoni. Akae kifuani, wima, uso ukionekana na kidevu kikiwa hakijagusa kifua, na asifunikwe pua wala mdomo. Mama asipike kwenye moto wala asichote maji kisimani akiwa amemfunga mtoto, na mbeleko haimfanyi mtoto kuwa salama juu ya bodaboda. Vilevile kigari kina watu wake halali: wazazi wa mapacha, mlezi mwenye ulemavu au maradhi ya mgongo, mama anayepona upasuaji, na familia zinazoishi palipo na sakafu nzuri, iwe ni katika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam au katika miji ya Ulaya wanakoishi Waswahili wengi. Kwao kigari ni msaada, na hakuna sababu ya kuwalaumu.

Lakini msaada wa wachache usigeuzwe kuwa sharti la wote. Mzazi wa Makurunge anayengoja mtoto wa pili ahifadhi fedha ya kigari kwa ajili ya lishe ya uzazi, nauli ya kliniki na dharura ya usiku. Anunue vitenge viwili imara vya pamba, ajifunze kwa mama au bibi yake namna ya kufunga, na amfundishe mumewe. Wauguzi wa kliniki, ambao mama huwasikiliza kuliko muuza duka, wautumie muda wa wiki ya 6 kuonyesha mkao salama wa mtoto kifuani na mgongoni. Nao wanaopanga barabara waweke mbele njia ya mtu anayetembea na watoto wawili, kwani huyo ndiye msafiri wa kawaida wa nchi hii. Mpaka njia hiyo ijengwe, mchanga abebwe mwilini na mkubwa ashikwe mkono.